Kifuniko cha tangi kilichonila miezi miwili

Datsun 120Y yangu niliikuta Ukonga, chini ya mwarobaini, kuku wametagia kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu aliyekwisha choka nayo. Alinieleza ugonjwa wake kwa ufupi: "Inawaka vizuri tu mwanangu, ila ukitembea kama dakika kumi inazima. Ukiiacha ipumzike, inawaka tena." Nikaitikia "sawa mzee" huku akili iko kwenye rangi nitakayoipiga. Nikailipia, tukaivuta kwa kamba mpaka Tabata, na Jumamosi ya kwanza nikashika spana.

Nilianza na kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Nikaiosha mpaka ikang'aa. Gari ikazima. Nikahamia upande wa moto wa plagi: nikabadilisha pointi na kondensa, ikazima. Koili mpya, ikazima. Pampu ya mafuta, ikazima. Mwezi wa pili nikajiaminisha kwamba ni hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, nikaing'oa, nikaipeleka ikasawazishwe uso, nikanunua gasketi, nikairudisha. Siku hiyo iliwaka kwa sauti tamu ajabu. Nikaondoka nayo kuelekea Segerea nikiwa nimeshusha kioo ili watu wanione, na katikati ya barabara ikazima.

Aliyenitoa pale ni kijana wa bodaboda aliyesimama kushangaa tu. "Braza, hebu fungua kifuniko cha tangi." Nikafungua. Fsssss! Tangi likavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Nikapiga stata, ikawaka.

Kifuniko cha asili kilikuwa kimepotea miaka mingi, mtu akaweka cha gari jingine ambacho hakina tundu la kupumulia. Pampu inavuta petroli, hewa haipati pa kuingilia kushika nafasi yake, na ikifika mahali pampu inavuta utupu, kabureta inakauka. Ukiiacha nusu saa, hewa inapenya kidogokidogo pembeni, nayo inawaka. Mzee alikuwa amenipa jibu lote siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nachagua rangi.

Basi wewe unayetaka kuanza kufufua gari la zamani au kutengeneza jenereta uani kwako, naomba spana iwe kitu cha mwisho kushika. Muulize mwenye chombo: inazima ikiwa ya moto au ya baridi? Inazima ghafla kama taa, au inakohoa kwanza? Nani aliigusa mara ya mwisho, na alibadilisha nini? Swali hilo la mwisho ndilo linalokamata wengi. Gari la miaka ya 1970 lililozeekea Dar limepita mikononi mwa mafundi ishirini, na kila mmoja ameacha chake: waya uliounganishwa kwa nailoni, bolti iliyolazimishwa kwenye uzi usio wake, fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara. Mara nyingi utakuwa unatengeneza matengenezo ya watu.

Ukishasikiliza, pima. Injini ya petroli, iwe ya gari, ya pampu ya maji au ya kukatia majani, inataka hewa, mafuta, moto wa plagi kwa wakati wake, na mbano, yaani pistoni ibane mchanganyiko huo bila kuvuja. Fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa baada ya kupiga stata sana, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, tafuta moto. Ikiwa nyeusi yenye masizi, inakula petroli nyingi kuliko hewa, na huenda chujio la hewa limeziba vumbi tu. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako azungushe injini: mbano mzuri unakusukuma kidole kwa nguvu. Hapo umetumia dakika tano na spana moja, na tayari unajua upande wa kwenda.

Kinyozi wa mtaani kwetu aliniletea jenereta yenye injini ya Honda GX160. Haitoi moto. Alikuwa ameshauziwa plagi mbili na koili. Nikamuuliza, ulipima oili? Akanitazama kama nimemuuliza habari za mahari. Jenereta nyingi za aina ile zina kidude ndani kinachokaa kulinda oili. Oili ikishuka chini ya kiwango, kinakata moto wa plagi ili injini isijiue. Hata ukiiweka jenereta kwenye baraza lenye mwinuko inaweza kukugomea hivyohivyo. Injini ile inabeba kama lita 0.6 tu za oili, kwa hiyo kikombe kimoja kikipotea ni pengo kubwa. Tukaiweka palipo tambarare, tukajaza mpaka mdomoni, kamba ikavutwa mara mbili. Koili ya zamani ilikuwa nzima.

Jenereta hizo ndogo zikianza kutoa umeme hafifu, wapo wanaokaza springi ya gavana, kile kidude kinachoshikilia kasi ya injini, ili injini ikimbie zaidi. Usifanye hivyo kwa kusikiliza sikio. Nyingi zimepangwa kuzunguka kama mara 3000 kwa dakika, na mzunguko huo ndio unaokupa herzi 50 zinazolingana na umeme wetu wa nyumbani. Ukiupandisha ovyo, utakayemlipa ni mwenye friji.

Kabureta ndiyo inayoumiza wageni wengi, hasa ya chombo kilicholala na petroli ndani. Petroli ikikaa muda mrefu inaacha gundi ya kahawia ambayo inaziba jeti, kile kitundu chembamba kuliko sindano. Jeti ni ya shaba, laini. Ukiichokoa kwa waya wa chuma umepanua tundu, na kuanzia siku hiyo injini itakunywa petroli usijue kwa nini. Mimi natumia mshipi wa kuvulia, ule mwembamba, halafu upepo wa kompresa. Na kabla hujaigusa skrubu yoyote ya marekebisho, ikaze taratibu mpaka mwisho huku unahesabu mizunguko, uandike, uirudishe kwa hesabu hiyohiyo. Niliwahi kuamini nitakumbuka.

Kama umepima na ukweli ni kwamba lazima ufungue ndani, basi fungua kwa adabu. Nikishusha hedi natoboa matundu manane kwenye boksi la viatu, nayaandika 1 hadi 8, na kila fito inayosukuma valvu inakaa kwenye tundu lake. Vitu hivyo vimesuguana na wenzao miaka arobaini, ukivichanganya vinaanza ugomvi mpya. Bolti za kava naziingiza kwenye kadibodi niliyoichora umbo la kava lenyewe, kwa sababu urefu wake unatofautiana, na bolti ndefu kwenye tundu fupi inapasua alumini. Piga picha kwa simu, nyingi mpaka ujione mjinga. Kisha ingiza kila kitu ndani. Kijana wa vyuma chakavu akipita na mkokoteni wake, hajui tofauti ya skrepa na gia boksi yako.

Kutafuta spea kunaogopesha bure. Ukienda Gerezani kwenye maduka ya spea, nenda na kitu chako cha zamani mkononi, kimesafishwa. Usiseme tu "beringi ya Datsun," maana utapewa bei ya Datsun. Beringi ina namba ubavuni. 6203 ni 6203 popote ilipo duniani: tundu milimita 17, nje 40, unene 12. Inaweza kuwa inafanya kazi kwenye mashine ya kufulia au kwenye alternata, haijali. Sili za oili nazo zimeandikwa vipimo vitatu, ndani, nje na unene. Ukijua kusoma hizo namba, muuzaji anabadilisha hata sauti. Na kama silinda zimelika, usibahatishe na msasa. Peleka kwa wenye mashine za kuchonga, waambie wakupimie kwanza ndipo ukanunue pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za asili, maana wapo walionunua kwanza wakapima baadaye.

Kuhusu bodi nitasema machache ingawa ndiyo inayokula fedha. Hewa yetu ina chumvi, na masika ikimaliza kulowesha, chumvi inaendelea na kazi. Nunua gari ukiwa na sumaku ya spika iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango, kwenye vizingiti na kuzunguka matairi: inapoachia, chini yake kuna puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, na chini ya puti kuna kutu. Isipokuwa Land Rover za zamani. Jamaa yangu aliipitisha kwenye moja, haikushika popote, akaondoka anatukana kwamba gari zima ni puti. Bodi ile ni alumini. Pale unakagua chesisi, na zaidi ile mipaka ambapo alumini inakutana na chuma, maana metali mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi moja inamla mwenzake.

Vipande vidogo vyenye kutu naviloweka kwenye molasi, ile ya kulishia ng'ombe, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, wiki mbili hivi. Kutu inaachia yenyewe na chuma kinabaki kizima. Usitumbukize alumini humo, itaharibika. Harufu yake ni kali, jirani alishaniuliza kwa upole kama nimeanza kupika gongo. Ukitoa, suuza, kausha juani, upake praima siku hiyohiyo. Dar chuma kitupu hakilali usiku mmoja bila kuwa na rangi ya chungwa.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usilishikize kwa tofali la saruji. Tofali halipindi likakuonya, linapasuka mara moja. Tafuta stendi za chuma, au vipande vinene vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa kupishana. Na nyumba zetu za kupanga zina jiko la mkaa kila kona ya uani: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye jiko la mama wa chumba cha pili. Siku ya kufungua tangi, mwambie mapema apike baadaye, au wewe usubiri ale ndipo uanze. Mimi husubiri, na mara nyingi huwa nimewekewa sahani.

Datsun inatembea. Kifuniko cha tangi bado ni kilekile, nilikitoboa tundu la milimita moja kwa sindano ya moto nikisubiri kupata cha asili, kwa hiyo nikijaza sana inatema petroli kwenye kona. Mwenye cha asili anijulishe.