Vitu vyote ulivyotupa ni vya mumeo

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, nimeolewa miaka 13, tuna watoto watatu. Mwaka jana nilianza kufuatilia kwenye simu watu wanaoishi maisha ya vitu vichache. Nikaona nyumba zao zilivyotulia, nikaamua na sisi tuishi hivyo. Shida ni mume wangu, hatupi kitu. Ana redio mbovu ya marehemu baba yake, boksi la nyaya na simu za zamani, kanda, kopo la misumari, mashati yasiyomtosha, vitabu vya chuo, na cherehani ya mama yake iliyokaa kona ya sebule miaka na miaka. Nadhani ana ule ugonjwa wa kulimbikiza vitu. Nilizungumza naye mara nyingi, hakunisikia. Aliposafiri kikazi siku 10 nikasafisha. Vingi nilitupa, cherehani nilimpa mama mmoja anayejifunza kushona. Nikanunua rafu nyeupe na vikapu vya kufanana, nyumba ikapendeza, hata rafiki zangu niliowatumia picha walisifu. Kilichobaki ni alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, hazitoki hata nikisugua. Aliporudi hakugomba. Alizunguka nyumba yote, akakaa. Sasa ni wiki ya tatu haongei nami zaidi ya salamu. Mama mkwe naye ameanza kuingilia, anapiga simu kuulizia cherehani yake. Nifanyeje mume wangu aelewe kwamba vitu si maisha?

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ukimya uliomo ndani. Kulala na mtu aliyekupa mgongo kunachosha kuliko kufua nguo za nyumba nzima. Na sitaki udhani naona uchovu wako ni wa kujitakia. Mwaka 2010 watafiti wa Los Angeles walichapisha matokeo ya kuwapima watu 60 walio kwenye ndoa, waume kwa wake, wote wenye kazi za kwenda. Wanawake walioieleza nyumba yao kuwa imejaa vitu na kazi zisizokwisha, kotisoli yao, yaani homoni ya msongo, haikushuka kutwa kama inavyotakiwa kushuka. Kwa hiyo hilo la kuelemewa na nyumba ni kweli, liko mpaka kwenye damu. Kama mumeo anaingia jioni na kuuliza maji yako wapi bila kuinua hata soksi, na yeye ana lake la kujibu.

Huruma yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilishika kalamu nikahesabu. Umetaja vitu saba vilivyokuwa vikijaza nyumba: redio, boksi la nyaya na simu, kanda, misumari, mashati, vitabu, cherehani. Vyote saba ni vya mumeo au vya waliomzaa. Chako hakimo hata kimoja. Mwanamke aliyeolewa miaka 13 na kuzaa mara tatu hana gauni la kabla ya mtoto wa kwanza? Hana viatu vinavyobana, mkoba uliokatika zipu, chupa ya manukato iliyobaki tone moja? Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini wewe umevutia mpaka ngozi imechanika. Hukupunguza vitu vya nyumba. Umepunguza vya mwenzako, na vyako umevitafutia vikapu.

Unasema ulizungumza naye mara nyingi na hakukusikia. Naamini alisikia vizuri sana, akakujibu hapana. Ungekuwa na idhini yake usingengoja asafiri. Ulingoja siku 10 zile kwa sababu jibu ulilijua, na mtu akishasema hapana, kumsubiri atoke ndipo utende lina jina lake, nalo si usafi.

Sasa huo ugonjwa uliombandika. Upo, sikatai. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuweka kwenye mwongozo wao kama ugonjwa unaojitegemea. Mwenye nao hushindwa kuachana na vitu, viwe vya thamani au visiwe, na wazo la kuvitoa tu humtia dhiki kubwa. Vitu hujaa mpaka vyumba havitumiki kwa kazi yake: kitanda hakilaliki, jiko halifikiki, mlango haufunguki wote. Kwako palikuwa na mashine moja kwenye kona na maboksi mawili matatu. Watoto walikuwa wakilala vitandani, wageni walikuwa wakikaa. Huyo si mgonjwa, mwanangu, ni mtu aliyefiwa na baba akabakiwa na redio. Usimpe mumeo jina la maradhi ili wewe uonekane mganga.

Hebu nikueleze kinachotokea mtu akishika kitu kikawa chake. Kuna jaribio lililochapishwa 1990 na watafiti watatu, Kahneman, Knetsch na Thaler. Wanafunzi wa chuo kikuu waligawiwa vikombe, nusu wakapewa, nusu wakakosa, halafu soko likafunguliwa. Waliopewa walitaka bei kama mara mbili ya ile ambayo wenzao walikuwa tayari kulipa, na kikombe chenyewe ni kipya, wamekaa nacho muda mfupi tu. Hicho ni kikombe cha kugawiwa darasani. Kipimie redio aliyokuwa akiisikiliza utotoni, na mkono uliokuwa ukizungusha kitufe chake uko kaburini. Wewe uliona redio mbovu kwa sababu baba yule hakuwa wako.

Mimi nina mkasi wa mama yangu. Mpini mmoja ulipasuka, mama akaufunga uzi mweusi, na uzi huo sasa umekuwa laini kwa kushikwa. Haukati hata karatasi. Binti yangu aliwahi kuutia kwenye mfuko wa taka, kwa nia njema kabisa. Niliutoa, nikaupangusa, nikaurudisha kwenye droo, na siku hiyo nzima sikuweza kumtazama usoni. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimeona kwamba mtoto niliyemzaa hajui mkasi ule ni nini kwangu, na sikujua nianzie wapi kumweleza. Ndiyo maana pale ulipoandika "hakugomba, alizunguka nyumba yote, akakaa" niliiweka barua chini. Umeiandika haraka, kana kwamba ni ushahidi wa ukaidi wake. Mwanamume aliyerudi safari, akazunguka vyumba vyake mwenyewe akihesabu kisichokuwepo, kisha akakaa kimya mbele ya mke wake, huyo amejizuia sana. Mimi niko upande wake, na nasema wazi.

Na hao unaowafuatilia kwenye simu, sidhani umewasikiliza mpaka mwisho. Yule Marie Kondo wa Japani, ambaye dunia nzima ilimfuata kwa kupanga nyumba, anafundisha uanze na vitu vyako mwenyewe, wala usitupe vya jamaa zako kwa siri. Tena ana mpangilio: nguo kwanza, kisha vitabu, karatasi, vikorokoro, na vitu vya kumbukumbu mwisho kabisa, baada ya mkono kuzoea kuchagua. Wewe umerukia kumbukumbu, tena kumbukumbu za mtu mwingine. Yeye mwenyewe mwaka 2023, akiwa na watoto watatu kama wewe, alisema hadharani kwamba hilo la nyumba nadhifu kila saa amelilegeza, anaupa muda wake watoto.

Halafu kuna hizi rafu nyeupe. Nyumba ilikuwa na vitu vingi, ukatoa, ukaenda kununua vingine. Mwaka 1769 Mfaransa Denis Diderot aliandika majuto yake kuhusu joho la kuvalia nyumbani. Alipata joho jipya zuri, akaliacha la zamani. Mara meza ikaonekana duni kando ya joho, akabadilisha meza. Kikafuata kiti, zikafuata picha za ukutani, mpaka chumba kizima kikageuka na raha yake ikaondoka. Akasema kwa joho la zamani yeye ndiye alikuwa bwana, jipya limemfanya mtumwa. Chunga, maana vikapu vya kufanana vitadai pazia la kufanana. Wahenga hawakukosea waliposema usitupe mbachao kwa msala upitao.

Nami nitasema jambo ambalo si lako peke yako, maana barua za namna hii nazipata kila mara, zikiwa na sura tofauti. Ndoa za siku hizi zimeingiliwa na mtazamaji wa tatu. Zamani nyumba ilipangwa kwa ajili ya wanaoilala. Leo inapangwa kwa ajili ya picha. Mke anajua rangi ya ukuta wa mtu asiyemjua, lakini hajui kwa nini mumewe anaficha kanda nzee chini ya kitanda. Mume anajua bei ya gari la jirani, hajui mkewe ameacha kulala vizuri tangu lini. Tunaiga utulivu wa nyumba za watu bila kujua nani alilia ili kona ile iwe tupu. Nyumba ya watu watano haiwezi kuwa na sura ya mtu mmoja, hata mtu huyo awe na macho mazuri namna gani. Ukiingia humo, ukute kiatu cha mtoto, kitabu cha baba, uzi wa mama, ujue watu wanaishi. Tulioana na watu waliokuja na mizigo yao, na wengine mzigo wao ni boksi la nyaya. Ukipenda boga penda na ua lake. Vijana wanaimba methali hiyo harusini, halafu mwaka wa 13 wanaanza kuchuma maua wakati mwenye shamba hayupo. Wewe ulitaka sifa za marafiki, umezipata. Wangapi kati yao watakuja kukaa na mumeo hizi jioni zako za kimya?

Tuje kwenye la kufanya.

Usiku wa leo, watoto wakilala, kaa mbele yake umwambie ulichofanya kwa majina yake: redio nimetupa, kanda nimetupa, vitabu nimetupa. Vyote, na vile ambavyo hajagundua bado uvitaje, maana akivigundua kimoja kimoja utaomba msamaha mwaka mzima. Usiseme "lakini nyumba ilikuwa imejaa." Ukishatia hiyo "lakini," msamaha umeufuta. Muulize kipi kinamuuma zaidi. Kama kuna kitu ulimpa mtu na bado kinafuatika, kifuate.

Cherehani inafuatika. Nenda kwa yule mama kwa heshima, umweleze kosa ni lako, na uende na pesa ya kumnunulia nyingine isiyopungua ile. Akikubali, mshukuru. Akikataa, muache, yeye alipewa kwa uwazi na hana hatia. Hasara hiyo ni yako na utaibeba.

Boksi la nyaya na simu linanipa wasiwasi mwingine. Simu za zamani hazitupwi na maganda. Ndani mna madini ya risasi na kemikali nyingine za sumu, na betri ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za umeme tani milioni 62, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo. Tena simu hizo huenda zilikuwa na picha za watoto wenu wakiwa wachanga. Je, uliziwasha kwanza kuangalia?

Baada ya hapo, kama bado unataka maisha ya vitu vichache, na mimi nakuunga mkono kwa dhati kwa sababu ni maisha mazuri, fungua kabati lako. Toa kila nguo uiweke kitandani, uone kilima chake. Mwite mumeo aone, lakini usimwombe alete zake. Fanya hivyo mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Mpe yeye rafu moja au boksi moja ambalo hutaligusa hata kwa vumbi, alijaze anavyotaka. Vitu vya pamoja, sufuria, mashuka, midoli, mkae mchague wawili, na kisichokubaliwa na wote kibaki. Na kabla ya chochote kipya kuingia mlangoni, muulizane kitakaa wapi. Hapo ndipo nyumba hujaa, mlangoni, kidogo kidogo, wala si kwenye kopo la misumari. Kopo hilo, kwa taarifa yako, ulirudishe. Kitanda cha mtoto kikianza kulia usiku utalitafuta wewe.

Limebaki la mama mkwe. Unasema ameanza kuingilia. Mwanangu, soma ulichoandika kwa mkono wako: "anapiga simu kuulizia cherehani yake." Yake. Umeisema kweli bila kukusudia. Mama anaulizia mali yake, na inaonekana mwanawe hajamwambia mpaka leo ilikokwenda. Amekusitiri kwa mama yake wiki tatu nzima, huku wewe ukimsema kwangu kuwa ni mgonjwa.

Usimwachie kazi hiyo. Mpigie wewe, kesho asubuhi, usitume ujumbe. Mwamkie, kisha umwambie: "Mama, cherehani niliitoa mimi, bila kumwuliza mtu, na nimekosa." Ukishasema, nyamaza. Akianza kukueleza alishona nini kwa mashine ile, na ada za nani zililipwa na mishono hiyo, usimkatize.