Mpango wa kuvuta wageni kwenye tovuti uanze na maswali yao

Watu wengi wanaoniomba ushauri kuhusu tovuti zao huanza na swali moja: nijitangaze kwenye mtandao upi? Tovuti wanayo, domeini (jina la anwani ya tovuti) wameshalipia, picha zinapendeza, ila wageni hawaji. Nami huwauliza: mtu akiingia kwenye tovuti yako leo, unataka afanye nini? Wengi hukaa kimya kwanza. Mpango unaanzia hapo, na ukiparuka hapo kila utakachofanya baadaye kitakuwa cha kubahatisha.

Jibu liwe tendo moja linaloonekana. Apige simu. Aweke oda. Aache anwani yake ya barua pepe. "Nataka tovuti yangu ijulikane" halipimiki, kwa hiyo hutajua umefika au bado. Nimeona watu wakifurahia mchoro wa takwimu unaopanda kila wiki huku simu ya biashara haijalia mwezi mzima. Wageni hamsini, kumi kati yao wakapiga simu, ni bora kuliko maelfu waliochungulia na kuondoka.

Tendo likishajulikana, ndipo naandika maswali. Siyaandiki kutoka kichwani mwangu. Nayatoa kwenye ujumbe ambao wateja wametuma, simu walizopiga, maoni waliyoacha. Nayanukuu kama walivyosema wao, hata kama wamekosea jina la kitu. Mtaalamu na mteja hawaiti shida kwa jina moja, na anayeandika kwenye kisanduku cha kutafuta ni mteja.

Kati ya tovuti nilizozishughulikia, kuna ya fundi anayetengeneza cherehani zilizoharibika. Ukurasa wa mwanzo ulisema "Karibu upate suluhisho bora la kitaalamu". Hakuna mtu anayekaa usiku na cherehani iliyomgomea akaandika maneno hayo kwenye Google. Tulipopitia ujumbe kwenye simu ya fundi, lalamiko moja lilijirudia kuliko yote: cherehani inakata uzi. Basi tukaandika ukurasa wenye kichwa hichohicho, "Kwa nini cherehani inakata uzi, na unavyoweza kuikagua mwenyewe". Tukaanza na sindano: imepinda, imekuwa butu, imegeuzwa au haikusukumwa hadi juu? Kisha namna uzi ulivyopitishwa, maana mguu unaobana kitambaa unatakiwa uwe umeinuliwa wakati wa kupitisha uzi. Kisha uzi uliokazwa kupita kiasi, au uzi wa zamani uliochakaa. Mwishoni tukataja mikwaruzo kwenye kibati ambacho sindano hupenya, ambayo wengi hawataiweza nyumbani, na hapohapo ikawekwa namba ya fundi.

Ukurasa huo ulileta watu wachache kuliko picha za mitandao ya kijamii, lakini waliofika walikuwa na shida mkononi na wengi walipiga simu. Fundi alihofia kwamba akifundisha bure atakosa kazi. Mimi naamini kinyume chake. Anayeweza kujirekebishia mwenyewe hakuwa mteja wako siku ile, na akishindwa kesho atamkumbuka aliyemwelekeza vizuri.

Mwelekeo huu si wa jana. Google yenyewe imekuwa ikisukuma upande huo kwa miaka mingi: mwaka 2011 ilileta badiliko lililoitwa Panda, likashusha kurasa nyepesi zilizoandikwa kujaza nafasi tu, mwaka 2012 likafuata Penguin, likawabana waliokuwa wakinunua viungo (links) kutoka tovuti nyingine ili waonekane mashuhuri, na Agosti 2022 likaja jingine lililolenga maudhui yanayoandikwa kwa ajili ya injini ya kutafuta badala ya msomaji. Kwa hiyo mtu akikuuzia kifurushi cha viungo mia tano, mkatalie. Na akikwambia ujaze orodha ya maneno muhimu kwenye sehemu iliyofichwa ya msimbo wa ukurasa, fahamu kwamba Google ilitangaza mwaka 2009 kuwa haiitumii orodha hiyo kupanga matokeo.

Mahali pa kusoma maswali ambayo hukuyajua

Kifaa ninachokitegemea kuliko vyote ni Google Search Console. Ni cha bure, na ukishathibitisha kwamba tovuti ni yako kinakuonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea, ulitokea mara ngapi, ulibofywa mara ngapi na ulikuwa nafasi ya ngapi kwa wastani. Kinahifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo kiunganishe leo hata kama huna muda wa kuzisoma.

Nikikifungua, napanga maneno kuanzia yaliyoonekana mara nyingi zaidi, kisha naacha yale ambayo tayari yako nafasi tatu za juu. Natafuta yaliyoko kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Hayo ni maneno ambayo Google imeshakubali kwamba ukurasa wako unahusika nayo, ila haujajibu vya kutosha. Nafungua ukurasa husika na kujiuliza: je, swali hili limejibiwa waziwazi, au limeguswa pembeni tu? Mara nyingi jibu liko aya ya saba, limefunikwa na utangulizi mrefu. Nalipandisha juu, naongeza kilichokosekana, naandika upya kichwa kitumie maneno ya mtafutaji. Halafu nasubiri wiki kadhaa. Kubadilisha kichwa kila baada ya siku mbili kunakunyima nafasi ya kujua kipi kilisaidia.

Kuna aina nyingine ya maneno ya kutazama: yaliyo nafasi za juu lakini hayabofywi. Hapo kwa kawaida kichwa hakieleweki, au Google imeshatoa jibu palepale. Jambo hili la pili linaongezeka. Tangu Mei 2024 Google ilianza, kwanza Marekani, kuweka juu ya matokeo majibu yaliyotungwa na akili unde (AI), na mwenye swali fupi anaweza kuridhika bila kubofya chochote. Ndiyo maana siku hizi sishauri mtu ajenge mpango wake juu ya maswali ya "nini maana ya". Andika yale yanayohitaji picha za hatua kwa hatua, vipimo ulivyovifanya mwenyewe, bei unazotoza, ulinganisho wa vitu ulivyovitumia kwa mikono yako. Mtu anayetaka kuamua atataka kumfikia aliyewahi kufanya.

Kasi ya tovuti sitaizungumzia sana. Google inasoma kwanza tovuti yako kama inavyoonekana kwenye simu ya mkononi, na kipimo chake kinataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye sehemu ya ukurasa inayoonekana kwanza, kama picha, kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5. Mara nyingi mkosaji ni picha iliyotolewa kwenye kamera na kupandishwa ilivyo. Ipunguze, ihifadhi kwa WebP, muundo wa picha wenye faili dogo, kisha upime tena.

Orodha ya barua pepe isisubiri

Hapa huwa nasisitiza hadi watu wanachoka. Wafuasi ulio nao kwenye mtandao wa kijamii ni wa mtandao huo. Vine ilifungwa mwaka 2017, Google+ ikafungwa 2019, na waliokuwa wamejenga umati humo hawakuweza kuuhamisha. Hata mtandao usipofungwa, unaweza kubadilisha namna ya kuonyesha machapisho, na kesho ukafikia sehemu ndogo tu ya watu waliokufuata. Anwani za barua pepe ambazo watu wamekupa kwa hiari unaweza kuhama nazo.

Basi weka fomu ndogo ya kujiandikisha tangu mwanzo, mwishoni mwa makala zinazosomwa zaidi, na useme wazi watapata nini na mara ngapi. "Jiandikishe kwa habari zetu" haimvuti mtu. "Kila mwezi natuma shida moja ya cherehani na namna ya kuitatua" inamwambia anachopata. Usinunue orodha. Wasiokujua watakubofya kama taka, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti: anayetuma lazima athibitishe domeini yake kwa rekodi za SPF au DKIM, zinazoonyesha kwamba barua imetoka kwake kweli, anayezidi ujumbe 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na zote mbili, pamoja na DMARC (rekodi inayosema barua isiyothibitishwa ifanyweje) na njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Ukiwa na wasomaji walioko nchi za Umoja wa Ulaya, kuna pia GDPR, sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, iliyoanza kutumika Mei 2018.

Mitandao ya kijamii ichague mmoja, ule ambao watu wako huulizia shida zao, na ukae humo. Sijaona mtu mmoja akiendesha mitandao mitano vizuri huku akiandika na kuhudumia wateja. Kila kiungo unachokisambaza kitie alama za UTM, yale maneno yanayoongezwa mwishoni mwa anwani kueleza mgeni ametoka wapi na kwa kampeni ipi. Andika herufi ndogo siku zote, kwa sababu Google Analytics, kifaa cha kuhesabu wageni wa tovuti, huhesabu "Facebook" na "facebook" kuwa vyanzo viwili tofauti. Bila alama hizo, wengi waliobofya kiungo ndani ya WhatsApp watahesabiwa kana kwamba waliandika anwani yako wenyewe, nawe utaamini kwamba WhatsApp haikusaidii.

Matangazo ya kulipia nayaweka mwisho kwa makusudi. Unalipa kila mtu anapobofya, awe amefanya lile tendo au hakufanya. Ukurasa usiomshawishi mgeni wa bure hautamshawishi wa kulipia. Ukurasa ukishaonyesha kwamba watu wanapiga simu au kujiandikisha, hapo weka fedha kidogo, zile ambazo ukizipoteza hutaumia, na uelekeze tangazo kwenye ukurasa huo, si ukurasa wa mwanzo. Kwenye Google Ads, mfumo wa matangazo wa Google, jaza pia maneno ya kuzuia, yaani yale ambayo mtu akiyatafuta tangazo lako lisitokee. Fundi wetu alihitaji kuzuia "ajira", "mafunzo" na "mtumba", la sivyo angewalipia watu waliokuwa wakitafuta kazi na mashine za kununua. Pitia ripoti ya maneno yaliyotafutwa kila wiki mwanzoni, utakuta ya kuzuia hukuyawazia.

Mpango wote utoshe ukurasa mmoja: nani unamtaka, tendo lipi, maswali ishirini ya kuanzia, njia mbili utakazozitumia, na siku ya mwezi ya kutazama takwimu. Siku hiyo tazama lile tendo kwanza, kisha kurasa zilizolileta, na jumla ya wageni mwishoni.

Tovuti ikishakuwa na makala nyingi, ongeza kazi moja kwenye siku hiyo. Tafuta kurasa mbili zinazojibu swali moja, maana huwa zinashindana zenyewe kwenye matokeo. Chukua iliyo bora, hamishia humo yale mazuri ya nyingine, kisha ile iliyobaki ielekeze kwa agizo la 301, la kumhamisha mgeni moja kwa moja, ili aliyehifadhi kiungo cha zamani afike kwenye ukurasa mpya.