Hiyo sifuri umeitoa wapi?

Fomu za msimu za ufuatiliaji wa viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea, zimerudi, na tangu asubuhi niko nazo mezani. Wadogo zangu mliopangiwa Tandahimba, Newala na Nanyumbu, hongereni: mwandiko unasomeka, kishikwambi mnakijua kuliko mimi, na picha za maduka zimekaa vizuri. Lakini ile safu ya watu waliodhurika na viuatilifu ni sifuri kuanzia kata ya kwanza hadi ya mwisho. Kusini nzima imepulizia, na hakuna hata kijana mmoja aliyeingiwa machoni na salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho? Haya, tuongee.

1. Kwenye duka la pembejeo usianze na leseni. Leseni iko kwenye fremu ukutani, haiendi popote. Chungulia chini ya kaunta kama kuna faneli na chupa tupu za maji, maana hapo ndipo lita moja inapogawiwa kwa wenye hela ya robo.

2. Mkanda wa rangi kwenye lebo unashuka kwa ukali: nyekundu, njano, bluu, kijani. Kijani maana yake si kwamba dawa ikorogwe kwa mkono mtupu.

3. Nendeni Juni hadi Agosti, mikorosho ikiwa kwenye maua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umepamba moto. Najua fungu la fedha huwa linaingia Novemba. Ombeni lifti kwenye pikipiki ya bwana shamba, kwa sababu Novemba ukimuuliza mkulima habari za dawa atakujibu bei ya mnada wa korosho.

4. Sifuri. Hapa mnivumilie.

Nilipoanza kazi nilipewa zahanati moja huko juu, uwanda wa Makonde. Nikaingia, nikamsalimia nesi, nikaomba kitabu cha MTUHA namba 5, kile cha kuandikisha wagonjwa wa nje, nikapitisha kidole kwenye safu ya ugonjwa nikitafuta palipoandikwa sumu. Sikupaona. Nikaandika 0, nikagongewa mhuri, nikawahi basi. Fomu ikapanda wilayani, ikajumlishwa na sifuri za wenzangu, na mimi nikasifiwa kwa kuwahisha. Nikavimba kichwa kweli.

Baadaye kidogo nikawa kijiweni nakunywa kahawa. Kijana mmoja anayepulizia mashamba ya watu kwa kibarua akawa anasimulia, huku anacheka, jinsi alivyonusurika. Alikuwa anapiga dawa ya mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, jua la saa saba, shati kalivua kwa joto, bomba linavuja mgongoni. Jasho likamtoka kama kamwagiwa ndoo. Mate yakamjaa mdomoni, akatapika, akawa anaona ukungu. Wenzake wakamnywesha maziwa, wakampakia kwenye pikipiki mpaka zahanati. Nikamuuliza zahanati gani. Ni ileile. Na ilikuwa kabla ya mhuri wangu.

Nilirudi siku hiyohiyo. Yumo kitabuni, tena kidole changu kilimpita: "kutapika na kuhara", dripu, karuhusiwa. Juu yake kuna macho mekundu, tena macho mekundu, upele, macho, karibu wote vijana wa kiume, wote Julai. Nesi wala hakujitetea. "Kaka, uliomba kitabu nikakupa. Hukuniuliza nani alikuja akitokea kupulizia."

Basi nikaanza kuihangaikia ile dawa. Kijana haijui jina. Mwenye shamba aliileta imeshachanganywa. Chupa ilichomwa na takataka. Bila jina la bidhaa, bila namba ya usajili, bila kiambato amilifu (ile kemikali yenyewe inayoua), ningejaza daftari zima na bado isingekuwa taarifa ya tukio. Nikaenda kuomba fomu irekebishwe, nikajibiwa takwimu zimeshafungwa. Yule kijana akabaki sifuri. Nikikutana naye njiani ananiita "bwana sumu" na ananidai kahawa, na mimi nalipa.

Mnaweza kusema ni mtu mmoja, na alipona. Sawa. Sasa fungueni Mkataba wa Rotterdam wa 1998, ibara ya 6. Nchi inayoendelea ikiona kiuatilifu fulani kinadhuru watu wake kwa namna kinavyotumika huko mashambani, inaweza kupendekeza kiingizwe Kiambatisho III, ili nchi iulizwe kwanza kama inakitaka kabla hakijapakiwa kuja kwake. Kinachotakiwa ni matukio yaliyoandikwa vizuri: bidhaa gani, ilitumikaje, dalili zipi. Senegali ilifika huko na unga wa kutibu mbegu za karanga, mchanganyiko wa benomili, kabofurani na thiramu, na ukaorodheshwa. Karanga, jamani! Nyie wa Nanyumbu mmezungukwa na nini? TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyorithi kazi ya TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu, kwa sheria ya 2020, itapeleka nini huko kama mezani zimefika sifuri? Hata dodoso za FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, kuhusu Kanuni ya Maadili ya viuatilifu, nchi inazijibu kwa karatasi hizihizi zenu.

Kwa hiyo: soma kitabu mstari kwa mstari kwa miezi ya kupulizia, muulize nesi mgonjwa alitoka kufanya nini, na piga picha lebo kabla hujaondoka shambani. Kama hukuuliza, andika "haikuulizwa". Sitakufokea. Sifuri ndiyo nitakufokea.

5. Maziwa si kinga. Mkulima akikwambia anakunywa maziwa kabla ya kupulizia, liandike kama alivyosema, lakini usiliweke safu moja na glovu na barakoa, kama alivyofanya bwana mmoja wa Nachingwea ambaye anajijua.

6. Vyombo vitupu muulize mama wa nyumba. Baba atakwambia "tunasuuza mara tatu, tunatoboa, tunafukia", kama alivyofundishwa kwenye semina. Mama ndiye anayejua lile dumu la maji ya kunawa lilikuja na nini, na mfuko wa salfa unaoanikiwa makopa ulitoka wapi.

Fomu za Nanyumbu nimezirudisha zote, ziko kwa katibu muhtasi. Zahanati zinafungua asubuhi, na maswali ya posho mje nayo mkirudi.