Nani hasa alimchora Mickey Mouse?

Swali: Najifunza kutengeneza filamu za katuni. Mwalimu wetu anasema Walt Disney hakumchora Mickey Mouse kwa mkono wake. Kama ni kweli, nani alimchora, na mbona anafanana sana na yule sungura Oswald? Nimesikia pia kwamba Mickey wa zamani sasa ni mali ya kila mtu. Naweza kumtumia katika zoezi langu?

Jibu: Mwalimu wako amesema kweli. Aliyechora filamu za mwanzo za Mickey ni Ub Iwerks, rafiki wa Disney tangu ujana wao Kansas City. Ushahidi umo ndani ya filamu yenyewe. Tazama maandishi ya ufunguzi ya Steamboat Willie ya mwaka 1928: jina la Iwerks limeandikwa pamoja na la Disney. Wachoraji wengi wa enzi ile hawakutajwa kabisa, kwa hiyo mstari ule mmoja una uzito mkubwa.

Sababu ya kufanana na Oswald utaipata ukijua Mickey alizaliwa katika hali gani. Mwaka 1927 studio ya Disney ilianza kutengeneza filamu za Oswald kwa mkataba na mfanyabiashara wa filamu Charles Mintz, na kampuni ya Universal ndiyo iliyozisambaza. Sungura akapendwa. Mapema 1928 Disney alikwenda New York kuomba aongezewe malipo kwa kila filamu. Mintz akataka kuyapunguza, na kumbe alikuwa ameshawavuta wachoraji wengi wa studio upande wake. Haki za Oswald nazo zilikuwa za Universal. Iwerks alikuwa miongoni mwa wachache waliokataa kuondoka.

Ili kuziba pengo la Oswald, Mickey akachorwa haraka, tena kwa siri. Wachoraji waliokuwa wanajiandaa kuondoka walikuwa bado wanamalizia Oswald, huku Iwerks akijifungia na kuchora Plane Crazy, filamu ya kwanza ya Mickey, karibu peke yake. Inasimuliwa kwamba alifikia michoro 700 kwa siku. Mtu anayechora kwa kasi hiyo hana nafasi ya kubuni mwili mpya. Anachukua ule ambao mkono wake umeuzoea, anaondoa masikio marefu, anaweka duara mbili, anabadilisha pua na mkia. Simulizi maarufu kwamba Disney alimbuni panya huyu alipokuwa safarini ndani ya treni ni tamu, lakini yeye mwenyewe aliisimulia kwa namna tofauti tofauti. Mimi nayaamini zaidi yanayoonekana katika michoro.

Na hizo duara ndizo ninazotaka uzichunguze kwa makini, maana hapo kuna somo zima. Kichwa ni duara, kiwiliwili ni duara, mikono na miguu ni kama mpira wa maji, haina kiwiko wala goti. Umbo la hivyo mchoraji hulirudia mara mia bila kupotoka. Tazama masikio: Mickey akigeuka kushoto, kulia au mbele, yanabaki duara kamili, yanahama tu mahali pake juu ya kichwa. Sikio halisi lingebadilika umbo kila kichwa kinapogeuka, na kila badiliko ni hesabu mpya kwa mchoraji. Iwerks aliikwepa hesabu hiyo, na papo hapo akapata kivuli ambacho mtu hukitambua hata kikijazwa wino mweusi mtupu. Glavu nyeupe hazikuwapo mwanzoni. Zilikuja 1929, kwa sababu mkono mweusi ukipita mbele ya mwili mweusi haukuonekana. Vidole vinne navyo vilipunguza kazi. Baadaye, katika miaka ya 1930, Fred Moore, mchoraji wa studio ya Disney, aliubadilisha mwili kutoka duara kuwa kama umbo la peasi, ili uweze kubonyea na kunyooka bila kupoteza ujazo wake.

Je, Disney alifanya nini basi? Mengi, na usimdharau kwa kuwa hakushika penseli. Alisimamia hadithi na tabia ya mhusika, akawa sauti ya Mickey hadi miaka ya 1940, na ndiye aliyeng'ang'ania filamu ziwe na sauti. Steamboat Willie ilioneshwa New York tarehe 18 Novemba 1928. Haikuwa katuni ya kwanza yenye sauti, kwani ndugu Fleischer, watengenezaji wengine wa katuni, walishazitengeneza kabla. Tofauti ni kwamba hapa mapigo ya muziki yalipangwa kabla ya kuchora. Mmoja wa vijana wa studio, Wilfred Jackson, alileta metronomu, kifaa kinachogonga mapigo ya muziki kwa kasi isiyobadilika. Filamu ikipita fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde na pigo likigonga mara mbili kwa sekunde, kila pigo lina fremu 12, na mchoraji anajua mguu utue kwenye fremu ipi. Rekodi ya kwanza ya okestra iliharibika. Katika ya pili, kiongozi wa okestra aliwekewa alama ya mpira unaorukaruka kwenye filamu ili aifuate.

Mwaka 1930 Iwerks aliondoka na kufungua studio yake, akamtengeneza chura aitwaye Flip. Zitazame filamu hizo. Mwendo wake ni mzuri ajabu, lakini mhusika hakushika mioyo ya watu, na studio ikafungwa. Disney, bila Iwerks, alitoa katuni ya Three Little Pigs mwaka 1933 na ikavuma. Mwaka 1940 Iwerks alirudi kwake kama fundi wa mitambo ya filamu. Ndiyo maana nikiulizwa aliyemuumba Mickey ni nani, hutaja majina mawili: umbo na mwendo ni vya Iwerks, tabia na sauti ni vya Disney.

Kuhusu zoezi lako: nchini Marekani, hakimiliki ya Steamboat Willie iliisha tarehe 1 Januari 2024, baada ya miaka 95, na filamu za 1929 zikafuata Januari 2025. Kilicho huru ni Mickey kama anavyoonekana ndani ya filamu hizo, si yule wa miaka ya baadaye mwenye sura mpya. Alama ya biashara ni jambo jingine na bado ipo, kwa hiyo kazi yako isionekane kama imetoka kampuni ya Disney. Nje ya Marekani hesabu hutofautiana, na nchi nyingi huhesabu kuanzia kifo cha mtunzi. Iwerks alifariki 1971, kwa hiyo soma sheria ya nchi yako kabla ya kuiuza au kuisambaza. Kwa mazoezi ya darasani, pitisha Steamboat Willie fremu moja moja, uhesabu fremu kati ya pigo na pigo, kisha uchore mwendo wa kutembea kwa hesabu hiyo hiyo, ukimtumia mhusika wako mwenyewe.