Kanuni Wanazijua, Zinawaponyoka: Kufundisha Usalama wa Mtandaoni Darasani

Muulize mwanafunzi kama ni sawa kumpa mwenzake nenosiri lake. Atajibu "hapana" kabla hujamaliza swali. Jioni hiyohiyo anampa rafiki wa karibu, kwa sababu rafiki kajitolea kumvusha hatua ngumu ya gemu, na kumkatalia kungeonekana kama kumshuku. Kanuni anaijua. Alichokosa ni maneno ya kukataa bila kuharibu urafiki, na hayo hakuna bango linalomfundisha.

Hapo ndipo masomo mengi ya usalama wa mtandaoni yanapoteleza. Yanapima anachokijua mwanafunzi akiwa ametulia, ilhali madhara humpata akiwa na haraka, akiwa na aibu, au akiogopa kuonekana mshamba mbele ya wenzake. Zoezi zuri ni lile linaloingiza mojawapo ya hayo matatu ndani ya kipindi. Dakika 15 kila wiki zinafaa kuliko siku nzima ya hotuba mara moja kwa mwaka. Siku ya Intaneti Salama, inayoadhimishwa kila Februari, inafaa kwa uzinduzi. Ikibaki peke yake inageuka sherehe tu.

Anza na nenosiri, maana matokeo yake yanahesabika. Unahitaji dadu na orodha ya maneno 216. Idadi hiyo ina sababu: dadu moja ikirushwa mara tatu hutoa mojawapo ya namba 216, kuanzia 111 hadi 666, na kila namba inapewa neno lake. Kwa darasa la wanafunzi 36, kila mmoja akileta maneno 6 mafupi yasiyojirudia, orodha imekamilika. Sasa kila mwanafunzi apate maneno matano kwa dadu na ayaandike kwa mfuatano uleule yalivyotoka: huo ndio msemo unaotumika kama nenosiri. Misemo inayowezekana inafika takriban bilioni 470, hata kama mwizi anayo orodha yote mkononi. Herufi 8 ndogo zilizookotwa kwa bahati nasibu hutoa takriban bilioni 209, na nani anaweza kukumbuka herufi za namna hiyo? Waache wapige hesabu wenyewe ubaoni. Mwanafunzi akishaona kwamba urefu unashinda alama za mshangao na tarakimu za kubandika, huhitaji kumhubiria tena.

Zoezi hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwanafunzi kurusha tena na tena mpaka apate maneno yanayompendeza. Akishachagua, bahati nasibu haipo tena, na watu hupenda vitu vinavyofanana. Ya pili ni kutumia msemo wa darasani kwenye akaunti halisi wakati jirani ameshauona. Wa darasani ubaki darasani. Wa kweli utengenezwe faraghani, mmoja kwa kila akaunti, ukianza na barua pepe, kwa kuwa huko ndiko vinakotumwa viungo vya kubadilisha manenosiri ya akaunti nyingine. Kisha wawashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti kudai namba ya siri ya muda juu ya nenosiri, na waelewe kwamba namba inayokuja kwa ujumbe haisomwi kwa mtu yeyote, awe anajiita fundi, mwalimu au mshindi mwenzako wa bahati nasibu. Wala usiwaagize kubadilisha nenosiri kila mwezi. Miongozo ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliachana na utaratibu huo. Nenosiri hubadilishwa panapokuwa na dalili kwamba limevuja. Anayelazimishwa kila mwezi huishia kuongeza 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni.

Kabla ya kengele, wape wawiliwawili dakika tatu watunge sentensi ya kumkatalia rafiki. Kwa mfano: "Njoo tuvuke wote kwenye simu yangu, nenosiri simpi mtu hata ndugu yangu." Waitamke kwa sauti, tena mara mbili. Watacheka, na kicheko hicho ni sehemu ya zoezi.

Kusoma anwani ya tovuti kunafundishika hata pasipo intaneti. Andika anwani kumi kwenye vipande vya karatasi, nyingine halali, nyingine za kitapeli, na uwape sekunde tano kwa kila moja ili haraka iwepo. Kanuni ni hii: anza baada ya mikwaju miwili ya mwanzo (//), kama ipo, nenda hadi mkwaju mmoja unaofuata, simama hapo, kisha rudi kushoto usome sehemu mbili za mwisho. Katika shule.example.com/ingia, mwenye tovuti ni example.com. Katika shule.example.com.zawadi-leo.net/ingia, mwenyewe ni zawadi-leo.net, yote yaliyotangulia ni pambo. Anwani zinazoishia kwa sehemu mbili, kama .co.uk, husomwa sehemu tatu. Wengi hukosea kwa sababu jicho husoma mwanzo na kutosheka, na kwenye simu ndogo mwisho wa anwani hata hauonekani. Kuhusu alama ya kufuli, waambie inaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, si kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Google iliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari chake cha Chrome mwaka 2023 kwa sababu watumiaji waliielewa vibaya. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli.

Usiwatumie wanafunzi ujumbe wa kitapeli wa kujaribia kwenye simu zao ili kuwanasa. Watanasa, ndiyo, lakini watakachojifunza ni kutokuamini wewe.

Somo la picha ni fupi. Tayarisha picha moja uliyoipanga mwenyewe, yenye nembo ya sare, ratiba ukutani, namba ya mlango na dirisha lenye mandhari, halafu waulize mgeni angejua nini kuhusu aliyepiga. Kisha waonyeshe taarifa zilizofichwa ndani ya faili: tarehe, aina ya simu, na mahali picha ilipopigwa, ikiwa kamera imeruhusiwa kutumia eneo. Mitandao mingi ya kijamii huondoa taarifa hizo picha inapopakiwa, ila ikitumwa kama faili zinaweza kusafiri nayo. Fungueni mipangilio pamoja na kuzima ruhusa ya eneo kwa kamera. Usitumie picha ya mwanafunzi hata akikubali. Akikubali mbele ya wenzake, hujui kama amekubali kweli.

Kwenye magrupu ya darasa ugumu unaongezeka, kwa kuwa mtesaji na anayeteswa wanakaa dawati moja. Nguvu ielekezwe kwa wale wengine wote wanaosoma na kunyamaza. "Mtetee mwenzako" ni agizo zito mno kwa mtoto anayeogopa kuwa wa pili kwenye foleni. Mpe hatua ndogo zaidi: asiweke kicheko, asisambaze, na amwandikie faraghani aliyelengwa: "Nimeona, haikuwa sawa. Tumwambie nani?" Hilo wengi wanaliweza. Ushahidi pia ufundishwe kwa vitendo: picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na ujumbe uliotangulia, na ihifadhiwe kabla ya kumzuia mtumaji. Kipande kilichokatwa pembeni hakithibitishi kitu.

Sasa picha za utupu na vitisho vya kuzisambaza. Walimu wengi hukwepa mada hii, au huifundisha kwa visa vya kutisha. Vitisho vina kasoro moja kubwa: mwanafunzi ambaye tayari ameshatuma picha anasikia kwamba maisha yake yamekwisha, na anafunga mdomo wakati ambao kusema kungemwokoa. Fundisha kana kwamba mmoja wao darasani yuko ndani ya tatizo hilo leo. Wape mfuatano ulio wazi: acha kujibu, usilipe, kwa sababu anayelipwa huwa anarudi kudai zaidi, usifute mazungumzo wala akaunti, andika jina la akaunti inayokutisha, iripoti kwenye mtandao husika, mwambie mtu mzima unayemwamini. Ipo pia huduma ya bure inayoitwa Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18. Kifaa chake hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa kampuni zilizojiunga ili ziitafute na kuiondoa. Picha yenyewe haitoki kwenye simu. Kwa kampuni ambazo hazijajiunga haisaidii, na hilo waambie pia.

Mwalimu naye ana mipaka yake. Mwanafunzi akikuletea habari ya picha ya namna hiyo, usiitazame, usiihifadhi na usimwombe akutumie, hata kama nia ni ushahidi. Katika nchi nyingi kuwa nayo tu ni kosa la jinai. Andika kwa maneno alichokueleza, tarehe na saa, umpelekee anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni siku hiyohiyo. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie: "Nitawaambia wanaolazimika kujua tu, na wewe utajua kabla sijasema." Wala usimnyang'anye simu kama adhabu. Habari hiyo husambaa shule nzima, na mwingine mwenye tatizo kama lile hatakuja.

Mawasiliano yako na wanafunzi yapitie njia ya shule inayoonekana na wengine, si ujumbe wa faraghani wa usiku. Mwanafunzi aliyezoea mtu mzima mmoja kumwandikia kwa siri atakuwa na kipimo gani cha kumshuku wa pili?

Ukitaka kujua kama somo limeshika, usitoe mtihani. Baada ya mwezi mmoja, bila kuwatangazia, gawa tena karatasi za anwani, safari hii sekunde tatu, na uwaombe waandike bila majina mtu mmoja wa shuleni ambaye wangemwendea wakitishwa leo. Nafasi zilizoachwa wazi ndizo za kufanyia kazi wiki inayofuata.