Dozi isiyoisha kwa mtu asiyeumwa

Wadogo zangu mnaoanza kliniki hapa Mwanza, mtakutana naye wiki ya kwanza tu: baba wa miaka sitini na kitu, muuza dagaa wa Mwaloni, ana sukari, anavuta sigara, haumwi popote. Mlaze dakika kumi, mpime presha mikono yote miwili, kisha vifundo vya miguu kwa Dopla, kile kifaa kinachosikilizisha damu ikipita mshipani. Mkono 150, kifundo 114. Gawanya, unapata 0.76. Ikiwa 0.90 au chini yake, mishipa ya mguu imeshapungua njia, na ya moyo na ubongo usiiamini.

Atorvastatini, dawa ya kushusha mafuta mabaya kwenye damu, ndiyo ya kufikiria kwanza, pamoja na kushusha presha na kuacha sigara. Kuiandika ni dakika moja. Kazi iko kwenye maneno.

Nikiwa bado mgeni kazini, nilimpa mzee wa Ukerewe vidonge vya mwezi, nikamwambia, "Hii ndiyo dozi yako, kimoja kila jioni." Alirudi baada ya miezi minane, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Mkewe akafungua kitenge, akatoa pakiti tupu zilizofungwa kwa mpira. "Dozi alimaliza, daktari. Hakuruka hata siku moja." Alimeza kama tunavyomeza dawa ya malaria: siku tatu, vidonge 24, basi. Siwezi kuapa kwamba vidonge vingemkinga, ila kosa la kutomweleza lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Neno dozi nimeliacha. Siku hizi nasema, "Baba, mtumbwi unazibwa nyufa kabla maji hayajaingia, na mwakani unazibwa tena." Wavuvi hawaniulizi mara mbili. Kisha naomba anirudishie kwa maneno yake. Kiswahili kikimpa shida, namwita nesi anayejua Kisukuma. Mwambieni pia misuli ikiuma sana aje, asiache dawa kimyakimya.

Aspirini msiigawe kwa mazoea. Tafiti mbili za Uskoti, za 2008 na 2010, ziliwapa watu wasio na dalili, waliokutwa na kipimo cha kifundo kilichoshuka, miligramu 100 kila siku. Haikuwapunguzia shambulio la moyo wala kiharusi, na dawa hiyo huweza kuvujisha damu tumboni. Aliyekwisha kupata kiharusi cha mshipa kuziba, huyo hesabu yake ni nyingine.

Muulizeni pia hela ya vidonge vya mwezi wa pili itatoka wapi, na mkewe awepo. Asiinuke kitini kabla hajataja mwenyewe siku atakayorudi kuchukua vingine.