Riflekta za ubavuni kwenye kombi ya zamani: jinsi ya kuzifanya ziwake

SWALI: Jambo fundi. Nina kombi ya Volkswagen ya mwaka 1974, umeme wake volti 12, naitumia hapa Goma na barabara ya Sake. Ubavuni ina riflekta nne: mbili za rangi ya chungwa mbele, mbili nyekundu nyuma. Usiku mtaa ukiwa gizani, anayetoka njia ya pembeni hanioni. Nataka riflekta hizo ziwake pamoja na taa ndogo bila kubadilisha sura ya gari. Kijana wa garaji ameniambia atatoboa bati, ataweka ampuli ya wati 5 nyuma ya kila riflekta, kisha aijaze silikoni maji yasiingie. Nimkubalie? (Msomaji, Himbi)

JIBU: Ndugu yangu, wazo lako ni zuri, ila usimkubalie kwa namna hiyo. Riflekta hurudisha mwanga kule ulikotoka tu. Mwenye chukudu (baiskeli ya mbao isiyo na taa), au mwenye pikipiki ambayo taa yake imekufa, riflekta hata iwe nzima kiasi gani haimwonyeshi chochote. Kwa hiyo taa inayowaka yenyewe ina maana kubwa kwenye barabara zetu. Lakini ufundi wa ampuli na silikoni utakuharibia vitu viwili kwa mpigo.

Anza na silikoni. Itazame riflekta kwa nyuma: utaona vijipembe vidogo vingi vilivyopangana kama sega la nyuki. Mwanga ukiingia kwa mbele hugonga kuta za vijipembe hivyo na kugeuka, kwa sababu nyuma yake kuna hewa. Ukipaka silikoni au gundi pale, mwanga unapita moja kwa moja na kupotea, na riflekta inabaki plastiki yenye rangi tu. Siku taa ikikatika umebaki bila taa na bila riflekta. Hewa ile ya nyuma ilindwe. Silikoni iishie kwenye ukingo wa nje.

Ampuli ya wati 5 nayo, ndani ya kisanduku cha nyuma ya riflekta chenye kina cha sentimita mbili, haina pa kupumulia. Riflekta nyingi ni za akriliki, na akriliki hulegea ikikaribia nyuzi 100. Gari likisimama taa zikiwaka, plastiki itajikunja. Tumia LED. Rangi yake ifanane na kioo cha riflekta: nyekundu nyuma ya nyekundu, ya chungwa nyuma ya chungwa. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu hupoteza sehemu kubwa ya mwanga wake, maana kioo hupitisha nyekundu peke yake na kuzuia rangi nyingine.

Kila riflekta ipe LED sita za milimita 5, katika mistari miwili ya tatu tatu. LED nyekundu au ya chungwa hula takriban volti 2, hivyo tatu zilizofuatana hula kama 6.2. Usipige hesabu kwa volti 12, piga kwa 14.4, kwa sababu injini ikizunguka chaji hupanda hadi hapo. Ondoa 0.7 ya dayodi (1N4007, moja kwa kila taa, inazuia umeme uliogeuzwa na mishtuko ya dinamo), zinabaki 7.5. Rezista ya ohm 560 ya robo wati kwenye kila mstari itapitisha kama miliampea 13. LED haitachoka, na taa zote nne pamoja hazifiki ampea 0.12. Ampuli nne za wati 5 zingekula karibu ampea 1.7. Fyuzi ya taa ndogo, ile ya kauri nyeupe ya ampea 8, hata haitajua kwamba umeongeza kitu.

Lehemu LED kwenye kibao chenye matundu, kikae milimita 15 hadi 20 nyuma ya vijipembe. Kati ya kibao na vijipembe weka kipande cha plastiki nyeupe ya maziwa, kama ya galoni kuukuu. Bila hicho utaona nukta sita za mwanga badala ya kioo kizima kinachowaka.

Kuifungua riflekta ili kibao kiingie ndipo wengi wanapoivunja. Ikiwa mgongo umefungwa kwa gundi, iloweke kwenye maji ya nyuzi 60 hivi kwa dakika kumi, kisha upenyeze kisu chembamba polepole. Ikiwa imeyeyushwa kiwandani, kata kwenye mstari wa maungio kwa msumeno wa meno madogo. Usiifute kwa petroli, asetoni wala tina ya kuyeyushia rangi: akriliki hupata nyufa nyembamba mara hiyo hiyo, na hazitoki tena. Sabuni na maji vinatosha. Na kama riflekta zako si za thamani kwako, kuna taa za ubavuni zinazouzwa zikiwa na eneo la riflekta na eneo la taa katika kioo kimoja. Hizo zitakuokolea siku nzima ya kazi.

Kabla ya kutoboa, toa waya hasi wa batri (kwenye kombi hii batri iko chumba cha injini, upande wa kulia) na utazame nyuma ya bati. Nyuma kulia kuna shingo ya tangi la petroli, usitoboe kwa kubahatisha. Tundu la milimita 10 linatosha. Pembe zake zipake rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo uvalishe raba ya kulinda waya. Waya uliopita kwenye bati tupu utachubuka upesi kwa mtikisiko wa mawe ya lava.

Umeme usiutoe kwenye dashibodi. Taa ya nyuma iko karibu na riflekta ya nyuma, na mbele waya wa taa ndogo unafika hadi kwenye taa kubwa. Chukua hapo hapo. Kwenye mchoro wa Volkswagen ni namba 58. Waya wake kwa kawaida ni wa kijivu wenye mstari mweusi au mwekundu, lakini gari la umri huu limeshapita mikono mingi, kwa hiyo hakikisha kwa taa ya kupimia: iwake ukiwasha taa ndogo, izime ukizizima, na isimetemete ukiwasha ishara ya kona. Kushoto ilishwe na kushoto, kulia na kulia. Ukiunganisha pande mbili, fyuzi mbili zitalishana. Moja ikiungua hutajua, na hitilafu moja inaweza kukuzimia pande zote. Waya wa milimita 0.75 za mraba unatosha.

Masi, yaani hasi ya bodi, ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Usitegemee skrubu inayoshika riflekta. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kichwa cha waya cha duara pamoja na washa yenye meno, kisha paka vaselini juu. Hapa Goma moshi wa volkano ya Nyiragongo hufanya mvua kuwa na asidi. Mabati ya nyumba tunayaona yanavyoliwa, na shaba ya waya huliwa vivyo hivyo. Ndiyo maana sikushauri vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuumenya: maji huingia, shaba inageuka kijani, taa inaanza kufifia. Lehemu, vika mpira unaosinyaa kwa moto, kisha funga waya usining'inie.

Kwa kuziba ukingo, nunua silikoni isiyo na harufu ya siki. Ile ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula miguu ya LED. Chini kabisa ya kisanduku acha tundu la milimita 3. Unyevu utaingia tu, upe njia ya kutokea.

Ukimaliza, washa taa ndogo huku injini inazunguka, weka mita kati ya masi ya kila taa na hasi ya batri. Isizidi volti 0.2, ikizidi, rudi ukakwangue. Kisha mtu akanyage breki na awashe ishara ya kona. Taa ya ubavuni ikibadilika mwanga wakati huo, huenda masi ya taa ya nyuma ni mbovu tangu zamani, LED imekuonyesha tu. Ikibaki gizani kabisa, kabla ya kufungua chochote geuza waya zake mbili: LED na dayodi hupitisha umeme upande mmoja pekee.

Kwa wenye kombi za kabla ya toleo la 1967, ambazo ni za volti 6: panga LED mbili mbili badala ya tatu, na rezista iwe ohm 150.